Chafya ya Ruari

Nepi ziliisha Jumamosi jioni, ndiyo sababu nikatoka. Maxwell alikuwa amelala usingizi wa pono kwenye kochi, mtoto kifuani, nami sikuona haja ya kumwamsha mtu kwa safari ya dukani. Duka liko karibu na stesheni ya Rooty Hill, hapa Sydney. Nikavaa patipati nikaenda, nikarudi jua likizama.

Mwanamke alikuwa amesimama langoni kwetu.

Alijitanda shuka zito la sufu kichwani, na joto lote lile. Miguu mitupu. Nilidhani ni bibi aliyetoroka makao ya wazee. Mimi ni muuguzi, nimezoea kuwarudisha.

"Are you okay, love?"

Hakugeuka. Alinuka moshi, na kondoo aliyenyeshewa. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha la chumba cha mtoto.

"Ruari..." akanong'ona.

Nepi zikaniponyoka mkononi.

Jina hilo tulikuwa nalo tangu Jumapili iliyopita tu. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyelijua, isipokuwa mama yangu kule Kapsabet.

Ngoja nieleze. Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba naolewa na Maxwell, mama alipiga vigelegele akidhani nimepata Mnandi mwenzetu, maana kwetu kina Maxwell wamejaa tele. Akatokea mzungu wa Sydney, mwekundu kama nyanya. Mama akampokea vizuri tu. Lakini nilipopata mimba alishika msimamo: mtoto atapata jina kwa njia yetu. Kwetu Wakalenjin mtoto hapachikwi jina hivi hivi. Anaitiwa wafu wa ukoo wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, ugoro kidogo puani, mpaka apige chafya. Jina lililompigisha chafya ndilo lake. Huyo aliyekufa amerudi.

"Sasa wafu wa Maxwell ni kina nani?" mama akauliza.

Maxwell alimjua babu yake tu. Basi akaanza kuwatafuta, tangu mimba ikiwa changa, na nakiri nilimpenda miezi ile kuliko siku ya harusi. Alipekua mtandao mpaka macho yakavimba. Aliwapigia simu binamu ambao hajawahi kuwaona. Akagundua kwamba watu wake walitoka kisiwa kimoja cha Skotland, cha mawe na upepo, wakafukuzwa na mwenye ardhi aliyetaka nafasi ya kufuga kondoo, wakapanda meli wakaja huku. Kila alipopata jina alikuja mbio jikoni: "Jep, nimempata mwingine!" Utadhani ameokota ng'ombe wa babu yake aliyepotea.

Mama alionya jambo moja tu. "Ambaye hakuzikwa udongoni haitwi. Mwulize mumeo vizuri."

Nikamwuliza.

"Wote walifika Sydney, Jep," Maxwell akasema, uso umemng'aa. "All of them."

Aliamini hivyo. Simlaumu... Najaribu kutomlaumu.

Jumapili baada ya ibada tukamwita mtoto. Mama kwenye skrini ya simu, mimi na ugoro, Maxwell akitaja majina. Hector. Kimya. Norman. Kimya. Lachlan. Mtoto anatutazama tu. Ruari...

Akapiga chafya. Tena na tena.

Maxwell alilia kwa furaha. Mimi pia.

Sasa jina lile lile lilikuwa mdomoni mwa mgeni langoni. Nilimpita mbio, nikafungua mlango. Maxwell bado alikuwa kwenye kochi, anakoroma. Kifua chake kilikuwa kitupu.

Mtoto alikuwa chumbani, kitandani kwake, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Macho wazi. Zulia lilikuwa limelowa kutoka mlangoni hadi kitandani. Nilimnyakua nikambusu.

Midomo yake ilikuwa na chumvi.

Kutoka kwetu hadi baharini ni mwendo mrefu wa treni. Nilimwamsha Maxwell kwa makofi. Hakuwa amemlaza mtoto, hakuwa hata amejigeuza. Tukampigia Effie, shangazi mkubwa wa baba yake, anayeishi Minto, ambaye kwa ukali wake Maxwell alikuwa amemkwepa katika kutafuta kwake kote. Nikamtajia jina la Ruari.

"Hilo jina halitajwi kwetu," Effie akasema kwa sauti ndogo. "Mlilitaja mkimwita mtoto? Oh, you poor things..."

Akatueleza. Ruari alikuwa mtoto mchanga kwenye meli ile. Homa iliingia, ikamwangusha yeye na mama yake. Mama alipozinduka mikono yake ilikuwa mitupu. Mtoto alikuwa amekufa, wakamfunga kwenye kitambaa wakamtupa baharini, na hakuna aliyemngoja mama amshike mara ya mwisho. Alizaa wengine Sydney, na Maxwell ni wa uzao huo. Lakini kila jioni hadi anazeeka alishuka ufukweni kumwita.

"Sasa nyinyi mmemwitikia," Effie akasema.

Nikampigia mama, nikamwambia amfukuze mwanamke yule kwa lolote analolijua. Mama alikuwa analia.

"Nitamfukuzaje, Jepchumba? Huyo si jini. Huyo ni bibi yake. Na mtoto aliyerudi ni wake."

"Na mimi je, mama?"

Tulijaribu jina jingine usiku ule ule, tukaita ukoo wote upya. Mtoto hakupiga chafya hata moja. Alikuwa akitazama mlango.

Jioni iliyofuata nilijifungia naye chumbani, nikamkumbatia kwa nguvu. Nilisema sitoi mtu. Harufu ya moshi ilianza kupenya chini ya mlango... kisha sufu mbichi... kisha nyayo. Tap. Tap. Tap. Zikakoma hapo nje.

Kitasa hakikuguswa.

Mtoto aliacha kupumua.

Midomo ikawa ya buluu. Nilimlaza sakafuni nikambonyeza kifua kwa vidole viwili, nikampulizia pumzi, kama nilivyowafanyia watoto wa watu kazini. Hakuna kitu. Maxwell alinisikia kutoka sebuleni, akawa anaita ambulensi, anapiga kelele. Nikambonyeza tena. Hakuna.

Nikamrudisha kitandani kwake, nikafungua mlango.

"Mchukue," nikasema. "Mchukue, lakini awe hai."

Nikatoka, nikaufunga nyuma yangu. Mtoto akakohoa. Akalia kidogo. Halafu akaimbiwa, kwa lugha nisiyoijua, wimbo ambao mama yeyote angeujua ni wa kubembeleza.

Madaktari walimpima wakasema mapafu ni mazima kabisa.

Basi ndivyo tunavyoishi. Kila jua likizama namlaza, natoka, nakaa sakafuni kwenye korido huku maziwa yakinilowesha blauzi. Maxwell hukaa ndani ya gari, hawezi kuvumilia kuusikia wimbo ule. Giza likishika, nyumba inatulia, naruhusiwa kuingia. Simchukii bibi yule. Nimejaribu, nimeshindwa; ningemwambia nini mwanamke aliyeamka akakuta mikono mitupu? Lakini uchungu wa kuzaa niliupata mimi, na kila asubuhi mtoto ananyonya kidogo kuliko jana, na nikimshika anakaa tu, kwa adabu, kama mtoto wa jirani.

Jana alicheka kwa mara ya kwanza. Kicheko hicho nilikuwa nimekingoja wiki nyingi. Nimemkunjia sura, nimembwekea kama mbwa, nimemtekenya nyayo, na hajawahi kunipa hata tabasamu. Nilikisikia kupitia mlangoni, kicheko cha tumboni, kizuri... kizuri mno.

Nikainuka. Nikabisha.

Kicheko kikakatika.

"Hodi," nikasema. "Tafadhali. Hodi..."

Hakuna aliyenikaribisha.