Sura ya Babu Yake Nordzin

Sanduku lilikuwa limefungwa vizuri mno. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Maud Hesketh tangu alipoingia.

Lilikaa juu ya meza ya chumba cha kusomea, limezungushiwa utepe wa pamba, fundo limelala ubavuni lisije likagandamiza karatasi. Ndani mlikuwa na michoro ya Kapteni Thirlwall, Mwingereza aliyezunguka milima ya Sikkim, kule Himalaya, enzi za ukoloni. Michoro yote ilikuwepo, isipokuwa mmoja: sura ya Rinzing, mpagazi aliyemvusha Kapteni kwenye theluji.

"Mwizi yuko chumba cha pili," alisema Dokta Fanshawe, mkurugenzi wa jumuiya ya wasomi wa mambo ya Asia yenye jumba hili la London. Asubuhi ndiye aliyeutelezesha utepe bila kufungua fundo, akakuta pengo, kisha akaurudisha ulivyokuwa. "Mnangoja nini?"

"Nangoja kumjua na mimi," Hesketh alijibu.

Wataalamu wa alama za vidole walikuwa wamekwishaondoka. Ukiacha za Fanshawe, alama zilikuwa za watu wawili tu: mhifadhi wa nyaraka, Mzee Godfrey Lumb, na Nordzin Bhutia, mama kutoka Gangtok, hukohuko Sikkim, mjukuu wa Rinzing. Jana hakukuwa na msomaji mwingine. Na jana hiyohiyo mama huyo alisema mbele ya watu kwamba babu yake amelala ugenini vya kutosha. Ndege yake ilikuwa ya jioni.

Simu ikalia. Mkuu wake.

"Maud, yule mama akiruka na ule mchoro, tutatafutana mimi na wewe. Mkamate, maswali baadaye."

"Nipe mpaka jioni, afande."

Alikata simu. Akimwachia mwizi, kazi imekwisha. Akimtia ndani asiye na kosa, habari za wizi zitafika Gangtok kabla ya mwenyewe, na jina likishachafuka halifuliwi.

Katika chumba cha pili, Nordzin alikuwa anakunja sweta zake. Begi lake lilipekuliwa hadi mshono wa mwisho.

"Hata kopo la biskuti za wajukuu mmelifungua," alisema.

"Samahani, mama. Ni kweli ulisema babu yako arudi kwao?"

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilichosema. Wewe binti, ukimkuta babu yako kafungiwa sandukuni kwa watu, utafanyaje? Utaimba?"

"Ulimchukua?"

"Nilimtazama. Kengele ilipolia nikamwachia yule mzee mwenye funguo, nikaenda zangu."

"Sanduku ulilifunga wewe?"

"Thubutu. Ukigusa ule utepe unafokewa kama mtoto. Wanafunga wenyewe."

Hesketh alirudi kulitazama lile fundo. Kisha akashuka kwenye jiko la wafanyakazi.

Saa kumi ilikuwa imefika, na saa kumi katika jumba lile hata polisi husubiri chai. Konstebo Pugh alikuwa anamimina. Mzee Lumb aliketi pembeni, mikono mifukoni, kikombe mbele yake kinapoa.

"Hunywi, mzee?" Pugh alimtania. "Kwetu Wales, mtu akikataa chai tunamwitia kasisi."

"Sina kiu."

"Chai na kiu wapi na wapi?"

Hesketh hakucheka. Sauti fulani ilikuwa inamsumbua. Jumba lote lilikuwa baridi, watu wamevaa makoti ndani, maana Fanshawe alikuwa mbahili wa umeme na kila swichi aliibandika kikaratasi: ZIMA. Lakini pale kwenye kona, friza lilikuwa linanguruma.

"Friza hili la nini, Mzee Lumb?"

"La karatasi zenye wadudu. Au zilizolowa, zisiote ukungu."

"Na sasa mna nini humo?"

"Hamna kitu."

"Mbona limewashwa?"

Lumb alizidi kuizamisha mikono mifukoni. Pugh akaacha kumimina.

"Inua hicho kikombe, mzee," Hesketh alisema.

"Nimekwambia sina kiu."

"Sijasema unywe. Inua tu."

Mzee akatoa mikono mifukoni. Kikombe kiligonga kisahani, kikagonga tena, kikagonga mfululizo kama meno ya mtu mwenye homa. Chai ikamwagika mezani. Akakiweka.

"Kutetemeka huku kumenianza tangu Krismasi," alisema. "Daktari anajua. Hapa hajui mtu. Mhifadhi mwenye mikono hii anaambiwa ahsante, nenda kapumzike. Nikapumzike wapi? Sina kwingine."

"Na jana?"

"Yule mama alipoondoka, nilikaa na mchoro. Nilitaka kumwona huyo babu anayependwa hivyo. Nilikuwa na chai. Mimi, Inspekta, niliyewahi kumtoa profesa nje kwa kuingia na kalamu ya wino. Chai ikaumwagikia mchoro."

"Ukaugandisha."

"Ungeoza. Nilifikiri nitausafisha polepole, niurudishe."

"Kisha ukalifunga sanduku. Mwizi wa kawaida angeliacha wazi."

"Lingeingia vumbi," Lumb alisema, akashangaa kuambiwa hivyo.

"Na ukakaa hapa ukiangalia mama wa watu anapekuliwa."

Mzee alipangusa chai mezani kwa mkono wa koti. "Nilijiambia hawatampata na kitu, watamwachia. Mkamzuia. Kila nilipotaka kusema, nikawaza kesho asubuhi sina pa kwenda. Nikanyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu, chai ilikuwa ajali tu."

Pugh alifungua friza. Chini kabisa, kwenye mfuko wa plastiki, Rinzing alikuwa amelala, doa la kahawia limempita bega hadi kidevuni.

Walipanda na Lumb na mchoro hadi chumba cha kusomea, wakamwita Nordzin. Fanshawe alitaka pingu.

"Ataandika maelezo kituoni," Hesketh alisema. "Amedanganya polisi, hilo atalijibu. Mama, gari litakupeleka uwanja wa ndege. Utawahi."

Nordzin hakuonyesha haraka. Aliufuta mvuke kwenye plastiki kwa kiganja, macho ya mpagazi yakatokea.

"Mmemweka kwenye barafu," alisema.

"Nisamehe," Lumb alisema.

"Baridi ameizoea. Kilichoniuma ni kupekuliwa begi langu." Akamtazama yule mzee, akaitazama mikono yake, ambayo sasa haikuwa na mfuko wa kujifichia. Trei ya chai aliyoipandisha Pugh ilikuwa juu ya kabati la mlangoni. Mama akachukua kikombe, akamimina nusu tu, akamshikisha Lumb, akaifunika mikono ya mzee kwa yake miwili, wala hakuiachia.

"Chai hairuhusiwi humu ndani," alisema Fanshawe.

Hakuna aliyegeuka. Mzee alikunywa, na safari hii halikudondoka tone.