Kiambatanisho Kilichobaki

Soko la Mbuyuni siku ya Jumamosi halina adabu. Mtu anakukanyaga, anakuomba samahani, kisha anakukanyaga tena. Katikati ya vurugu hiyo Elinipendo, ndani ya gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri mpaka wauza nyanya wakasahau kuita wateja, alinyoosha mkono kwenye doti ya mwisho ya kanga ya bluu. Akakuta upande wa pili umeshikwa.

"Dada, mimi nimeiona kwanza," alisema mwenye mkono, kijana mrefu aliyebabuka uso kwa jua la mlimani, kofia ya sufu kichwani mchana kweupe.

"Kuona si hoja, hata mimi nimeishika. Sokoni tunashika."

"Basi tuigawane. Wewe kimoja, mimi kimoja."

Muuza kanga akaruka. "Hapa doti haikatwi! Nendeni mkaoane kwanza, mtaitumia wote."

Watu wakaangua kicheko. Elinipendo naye akacheka, ingawa hakutaka. "Unamnunulia nani?"

"Mama yangu, yuko Uru, huko mlimani."

"Chukua. Ungesema mke, nisingeiachia."

"Mke sina, aisee."

"Sikukuuliza," alisema Elinipendo, akaondoka na mikono mitupu na moyo mwepesi.

Jumatatu shirika la bima lililomwajiri lilimtuma kwenye kampuni moja ya kupandisha watalii mlimani, akawaandikishe wafanyakazi bima ya afya. Alipanga meza uani na kuita wa kwanza, wa pili, na wa tatu akawa yule mwenye kofia ya sufu.

"Kumbe dada wa kanga ndiye dada wa bima!"

"Jina?"

"Wenseslaus. Nyumbani wananiita Wense. Wewe niite utakavyo."

"Nitakuita pungufu," alisema Elinipendo akipekua karatasi zake. "Mama yako umemwandika mtegemezi, lakini cheti hakipo na picha yake haipo."

"Vitakuja. Viko nyumbani."

Jibu hilo Elinipendo alilijua vizuri mno. Watu wa Moshi wanaishi mjini, vyeti vyao vinaishi mlimani. Kila karatasi ya maana imelala kwenye sanduku la mama huko migombani, na mwenyewe anaahidi kuifuata siku akipanda, maana yake Krismasi.

"Mwisho ni Ijumaa, Wense."

Uso wa kijana ukabadilika, mzaha ukamtoka. "Dada, mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sasa hivi ananitambua kwa sauti tu. Bila bima sina namna ya kumtibu. Usiniache."

"Sikuachi," alisema Elinipendo, na neno hilo likawaingia wote wawili moyoni kuliko walivyotarajia.

Jioni hiyo akampigia kumkumbusha cheti. Kesho yake Wense akapiga kuuliza picha iweje.

"Nyuma iwe bluu," alieleza Elinipendo.

"Kama ile kanga?"

"Kama ile kanga uliyoninyang'anya."

"Nikishuka mlimani nakununulia mtori wa kukusahaulisha."

"Mtori wa Uru? Sisi wa Old Moshi hatuli supu ya ndizi nyepesi."

"Tayari umeanza kutukana ukweni, mpenzi?"

Elinipendo alikata simu akijificha uso kwa mto, ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

Kisha Wense akaitwa ghafla kupandisha wageni na simu yake ikapotea hewani. Ijumaa ikafika, cheti hakuna, picha hakuna. Sheria ya bima ilikuwa ngumu upande mmoja na laini upande mwingine. Mfanyakazi asiyeandikishwa Ijumaa husubiri mwaka mzima, yeye na watu wake. Aliyeandikishwa anaweza kumwongeza mtegemezi hadi mwisho wa mwezi. Elinipendo akamwandikisha Wense peke yake ili mlango wa mama ubaki wazi. Alijaribu kumpigia amweleze, simu haikupatikana.

Wense alishuka Jumamosi asubuhi. Kwenye geti la hifadhi simu yake ikashika mtandao, na ujumbe wa kwanza ulisema amesajiliwa, wategemezi hakuna. Akapiga hapo hapo.

"Umemwacha mama yangu!"

"Wense, nisikilize kwanza..."

"Uliniambia huniachi! Kumbe watu wa ofisini wote ni wale wale. Maneno ya asali, kazi ya kisu!"

"Ukimaliza kupiga kelele utanitafuta," alisema Elinipendo, akazima simu. Alilia kidogo, akajikasirikia kwa kulia, akaosha uso. Halafu akavaa raba na kupanda Uru, akifuata anwani ya kwenye fomu. Hakwenda kwa ajili ya Wense, alijiambia njia nzima. Alikwenda kwa ajili ya macho.

Kihamba cha akina Wense, shamba la nyumbani la ukoo, kilizungushiwa uzio wa mimea ya masale, ndani yake migomba na kahawa vimebanana. Mama Margareta alikuwa mlangoni akimenya ndizi kwa kupapasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani?"

"Ni mtu wa bima."

"Mbona sauti yako ni ya mtu aliyegombana?"

"Nimepanda mlima, mama, nahema."

"Mlima haukasirishi mtu hivyo," alisema mama, akacheka.

Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo hata sandukuni. Mama Margareta alizaliwa migombani humo humo, na aliyeandika habari zake ni padri. Elinipendo akamshika mkono wakaenda parokiani, wakatoka na cheti cha ubatizo, ambacho bima hukipokea. Picha aliipiga mwenyewe kwa simu. Alitafuta kitambaa cha bluu nyumba nzima, mama akamtolea kilichokuwa chini ya mto wake. Ilikuwa kanga ile ile ya Mbuyuni. Elinipendo aliitundika kwenye ukuta wa nje, akamsimamisha mama mbele yake.

"Tazama huku, mama."

"Huku wapi?"

"Hapo unamtazama ng'ombe. Fuata sauti yangu."

"Yeleuwi! Ng'ombe naye angepata bima," alisema mama, na picha ikatoka akitabasamu.

"Mama, usimwambie Wense kwamba nimekuja," aliomba wakati wa kuaga.

"Sitamwambia. Mimi sijamwona mtu."

Wala hakusema. Wense alilala nyumbani usiku wa Jumapili amenuna, na mama akamwacha anune. Jumatatu ikamfikia meseji nyingine: mtegemezi ameongezwa, Margareta. Akamtazama mama yake. "Nani amekuja hapa?"

"Sijamwona mtu," alisema mama. "Nimesikia tu sauti, na hiyo sauti umeiumiza. Unajua sisi tunafanyaje tukimuumiza mtu."

Alijua. Mchana aliingia ofisini kwa Elinipendo amevua kofia, mikononi ameshika jani la isale lililokatwa mpakani mwa kihamba. Chumba kizima kikageuka kutazama. Pale hakuna asiyejua kwamba Mchagga akiletewa isale, ugomvi umekwisha, na anayelikataa anajitafutia balaa yeye na ukoo wake.

"Nilikutukana kabla ya kukusikiliza," alisema Wense. "Nimekosa, Elinipendo. Nisamehe."

Hilda wa meza ya jirani hakuweza kujizuia. "Pokea bwana, usituletee mikosi ofisini!"

Elinipendo alilitazama lile jani, akamtazama mwenye nalo, macho yamemjaa machozi. "Umeniumiza, Wense. Sana."

"Najua."

"Tena mtori sijaletewa."

"Uko nje kwenye chupa. Mzito, wa Old Moshi."

Akalipokea, na ofisi nzima ikapiga vigelegele.

Macho ya mama yalipasuliwa mwezi uliofuata. Daktari alipofungua bandeji, Wense na Elinipendo walikuwa wamesimama upande wa kitanda wameshikana mikono bila kujijua. Mama alipepesa. Alimwona mwanawe kwanza, akamgusa shavu kuhakikisha. Kisha akamgeukia msichana.

"Sema kitu," aliamuru.

"Shikamoo, mama."

"Ni yeye!" Mama alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia nywele zilizosukwa hadi viatu, kama mtu anayekula baada ya kufunga. "Wenseslaus, sasa naona. Wewe je, unaona?"

Wense akakohoa. "Dada wa bima, kwenye fomu yangu nafasi ya mwenza iko wazi. Inahitaji nini?"

"Cheti cha ndoa," alisema Elinipendo. "Na picha, nyuma iwe bluu. Ila kabla ya yote, mhusika aulizwe."

"Elinipendo, utakubali nikuoe?"

"Nakubali. Tangu Mbuyuni nakubali, basi tu."

Mama Margareta akajifuta machozi kwenye macho yake mapya na kuufungua mkoba wake. Akaitoa kanga ya bluu, doti nzima, haijakatwa.

"Nilikuja nayo," alisema. "Nilijua kuna picha nyingine."