Vitufe Viwili vya Kasiva

Ulilipita ghala lile mara ngapi ukitazama kando? Uliona lori likimshushia tajiri mwenye ghala katoni za chanjo za watoto, mhuri wa serikali ubavuni mwa kila katoni. Ukakohoa, ukaenda zako. Zahanati ikakwambia chanjo zimeisha, ukasema asante. Leo majambazi wameingia ndipo unashtuka?

Jumapili, saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha kinyozi, Machakos mjini. Kioko, kiongozi wa genge, alisema kwa sauti ya chini.

"Mlinzi ataenda kanisani. Kimanzi anabeba. Mimi niko na pikapu. Mlango wa chumba cha barafu ni wa Kasiva."

Kasiva alikuwa karani pale ghalani, akafukuzwa kwa kuuliza maswali. Alikijua kimashine cha mkononi kinachofungua mlango ule, na droo kinamolala.

"Nitakizima mtandao," alisema. "Kikiwa hewani, simu ya tajiri inalia."

"Na huyu mdogo wako ataweza baridi?"

"Wewe shughulikia pikapu yako inayokohoa," Kimanzi akamjibu.

Saa nne, ghalani. Kasiva akafungua. Kimanzi akazuia mlango kwa katoni, akaingia, akaanza kutoa mali. Pikapu ikajaa. Lakini Kioko akaitaka hata ile katoni ya mlangoni. Akaivuta. Mlango ukajifunga, Kimanzi akiwa ndani na shati moja. Kishikio cha ndani kiling'oka zamani. Tajiri hakuona haja ya kukirudisha.

Kasiva akaelekeza kimashine. Kioo kilikuwa kinawaka lakini hakisikii kidole.

"Imehang," Kioko akasema. "Lete. Toa betri urudishe, kama simu ya kabambe."

"Usiguse! Ukitoa betri, ufunguo wa mlango unafutika. Hiki unabonyeza vitufe viwili pamoja mpaka kitetemeke."

"Si ubonyeze!"

"Kikiamka, mtandao unaamka kwanza."

Ndani, Kimanzi alikuwa anapiga mlango kwa ngumi. Kioko akatazama pikapu.

"Mwache. Mlinzi atamtoa."

"Ibada inaisha saa saba! Atakuta maiti. Na wewe ndiye umevuta katoni!"

"Sifungwi kwa sababu ya mtu mmoja."

Akapanda pikapu. Hakuangalia nyuma.

Kasiva akabonyeza. Kidole kikateleza kwa jasho. Akajifuta kwa sketi, akabonyeza tena, akashikilia. Ngumi za ndani zilikuwa zimepungua. Kioo kikawa cheusi. Shikilia, Kasiva, shikilia. Kikatetemeka. Mtandao ukawaka. Kisha ile alama ya kufuli. Akaelekeza, mlango ukaachia.

Kimanzi akamwangukia, midomo rangi ya jivu.

"Kasi... Kioko?"

"Ameenda."

"Na wewe nenda."

"Niende wapi na huwezi kusimama?"

Akaketi sakafuni, akamsugua miguu. Polisi wakawakuta hapo.

Wakamtia Kasiva pingu, wakampitisha mbele ya umati uliokatiza ibada kwa kusikia ving'ora. Nawe ulikuwemo, Biblia kwapani, ukimwita mwizi. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, katoni hadi darini, mhuri unasomeka toka barabarani. Tajiri akaingia na suti yake, akaagiza turubai la kuzifunika na lori la kuzihamisha.

Lori halijafika. Acha hiyo chai. Ita jirani, beba kadi ya kliniki ya mtoto wako, mkasimame kwenye lango lile. Sasa hivi.