Pengo la Namba Kumi na Mbili

Mashine ya fotokopi huchagua siku ya kukuaibisha. Ile ya Shangazi ilichagua Jumatatu ya usajili, saa nne asubuhi, duka limefurika wanafunzi hadi barazani. Zamu ilikuwa ya dada mmoja mwenye gauni la kijani lenye mifuko mikubwa kama ya seremala. Karatasi yake iliingia, ikakoroma, ikagoma kutoka.

Shangazi hakuinuka kitini. Aligeuza shingo tu kuelekea chumba cha nyuma. "Mwanangu, njoo. Mgonjwa wako kameza karatasi ya watu."

Fundi akatoka, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, bisibisi sikioni kama kalamu. Akapiga goti, akafungua ubavu wa mashine, akaichomoa karatasi taratibu kama anayetoa mwiba. Kabla ya kuirudisha, akaisoma. Ugonjwa wake ulikuwa huo, kusoma vya watu.

"'Ukigundua njia mpya ya kutengeneza mashine, humwambia nani kwanza?'" Akainua macho. "Huu si umbea huu?"

"Ni utafiti," dada akajibu.

"Tofauti yake nini?"

"Umbea hauna marejeo."

Foleni nzima ikacheka, na Fundi akajua kapatikana. Dada akamweleza: anachunguza jinsi mafundi wanavyofundishana kwa simu. Nani anatoa ujuzi, nani anapokea, nani anakaa kimya. Fundi akapangusa wino vidoleni. Mafundi wa mashine mjini pale walikuwa na grupu lao. Mtu akikwama ofisini kwa watu, anarekodi mlio wa mashine, anautuma, na wenzake wanajibu kutoka kila kona.

"Basi umefika nyumbani, Daktari."

"Bado. Sijatetea tasnifu."

"Mimi nakuita mapema, nisije nikasahau."

Akamkutanisha na wenzake wote. Wakahojiwa mafundi kumi na mmoja, mmoja akabaki maana yuko safarini, na yeye bado anaahirisha. Leo ana kazi benki, kesho koo linamkereketa.

"Fundi wangu," Mtafiti alimwambia kwenye simu, "mbona koo linakereketa saa ya mahojiano tu? Chakula cha mchana unakuja umepona."

"Nikishahojiwa utanitafuta kwa sababu gani?"

"Njoo uhojiwe," akasema kwa sauti ya chini, "halafu uone kama sitakutafuta."

Akaenda. Wakaketi kwenye benchi nje ya maktaba, kinasa sauti katikati yao. Maswali matano yalikwenda vizuri. La sita, Fundi alipoanza kusema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, Mtafiti alinyoosha mkono akakizima. Fundi alidhani anaokoa betri.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mashine ikishindwa kuvuta karatasi, Fundi huwaelekeza wenzake kwenye grupu kila kitu: fungua hapa, toa mpira unaovuta karatasi, usafishe, urudishe. Lakini hawaambii kwamba ule mpira unafutwa kwa maji, si kwa spiriti. Spiriti inaukausha, na baada ya wiki mbili mashine inarudia palepale. Halafu wanampigia.

"Hatua ya mwisho huwa naibana," alisema, macho chini. "Nikiitoa, nani tena atakumbuka namba yangu?"

Mtafiti hakumcheka. Alimshika ule mkono wenye wino, na mambo ya mpira yakaishia hapo.

Miezi minne ikapita kama asali. Kisha tasnifu ikaletwa kwa Shangazi kuchapwa, kurasa mia tatu, na katikati ya kazi mashine ikakoroma. Fundi akapiga goti, akaufungua ubavu, akachomoa ukurasa uliokunjika. Akausoma, kama kawaida yake.

*Mshiriki wa 4: "Hatua ya mwisho huwa naibana. Nikisema yote, nani atanipigia?"*

Masikio yakamwaka moto. Mafundi wote wataisoma hiyo tasnifu, maana Mtafiti amewaahidi nakala. Miaka tisa ya jina zuri kwenye grupu, na siri yake imepigwa chapa na yule yule aliyemshika mkono baada ya kuambiwa. Akatoka nje, akapiga simu.

"Mshiriki wa 4 ni mimi?"

"Umesoma?" Mtafiti akashtuka. "Mpenzi, siwezi kukwambia wa nne ni nani."

"Nakuuliza kama ni mimi."

"Na siwezi kukwambia si nani. Nikikujibu wewe leo, kesho utauliza kama ni jirani yako, na kesho kutwa mmejuana wote. Niliwaapia. Lakini kuna jambo lako wewe, naomba tuonane nikueleze uso kwa..."

Fundi akakata. Jioni ile akajitoa kwenye grupu. Simu za Mtafiti zikaita wiki tatu, yeye anaziangalia tu zikitetemeka juu ya meza kama mende aliyepinduka.

Shangazi alivumilia wiki mbili. Ya tatu, akampakatisha boksi zito lililofungwa kwa gundi.

"Peleka chuoni, chumba cha mikutano, ghorofa ya pili. Nakala za watahini. Na vaa shati safi."

"Shangazi, leo si ndiyo siku yake ya kutetea?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nauza karatasi."

Mlangoni, mzee wa mapokezi akamsukuma ndani, kidole mdomoni: kikao kimeanza, hakuna kutoka wala kuingia tena. Fundi akaketi kiti cha nyuma kabisa, boksi mapajani. Mbele, Mtafiti alikuwa amempa mgongo, na alivaa lile gauni la kijani.

Mtahini mkuu, mama mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo, alipekua kurasa. "Unasema simu zimewaunganisha hawa mafundi, ila kila mmoja anabana hatua ya mwisho. Wangapi hasa walisema hivyo?"

"Wote kumi na wawili waliomo humu. Kila mmoja aliniambia peke yake, akidhani ni yeye tu mwenye roho hiyo."

Fundi alihisi boksi limekuwa jepesi. Wote. Hata yule jirani yake anayejifanya mkarimu. Miaka tisa walikuwa wakibaniana, huku wanaitana ndugu.

"Vizuri. Sasa nisaidie kuhesabu," mama akaendelea. "Kutoka mshiriki wa 11 unaruka hadi wa 13. Wa 12 kaenda wapi?"

Mtafiti akashika ukingo wa meza.

"Nilimwondoa. Alipoanza kuniambia siri yake nilizima kinasa sauti, maana niligundua simsikilizi kama mtafiti. Hakuna neno lake hata moja humo ndani."

"Ulikuwa unamsikiliza kama nani?"

"Kama mtu anayempenda."

Mtahini wa pembeni akakohoa kwenye ngumi. Mama akavua miwani. "Na yeye analijua hilo?"

"Hapokei simu zangu."

"Nitapokea," ikasema sauti kutoka nyuma.

Watu wote wakageuka. Fundi alikuwa amesimama, amekumbatia boksi kama mtoto mchanga. Mtafiti alifunika mdomo kwa kiganja, na mabega yaliyokuwa yamepanda tangu asubuhi yakashuka.

"Kaa chini, mwanangu," mama akasema. "Mahojiano yako tutayamaliza baadaye."

Walimfaulisha kabla ya adhuhuri, kwa sharti la sahihisho moja: aongeze tanbihi ya kueleza pengo la namba 12. Koridoni Fundi akafungua boksi. Karatasi nyeupe tupu, rimu tatu. Nakala za watahini zilikuwa zimefika tangu wiki mbili nyuma.

"Huyu Shangazi," akasema.

"Nilimlilia sana dukani kwake," Mtafiti akakiri. "Akaniambia nimwachie."

"Nisamehe. Nilisoma ukurasa mmoja nikajiona nimekimaliza kitabu kizima."

"Unisamehe na mimi. Ningekwambia siku ileile niliyokuondoa. Niliona haya."

Fundi akatoa simu, akaomba kurudishwa kwenye grupu, na aliporudishwa akabonyeza kurekodi. "Ndugu zangu, ule mpira unafutwa kwa maji. Msitumie spiriti. Nimewabania miaka tisa." Simu ikakaa kimya dakika nzima. Kisha ikaanza kutetemeka, ujumbe mmoja baada ya mwingine, kila fundi akitoa hatua yake ya mwisho, hadi ikabidi aiweke mfukoni.

Wakaketi kwenye ngazi. Mtafiti akachukua karatasi moja ya Shangazi, akaandika: *Mshiriki wa 12 aliondolewa kwa sababu ya uhusiano wake na mtafiti.*

"Uhusiano gani?" Fundi akauliza. "Watahini watataka kujua."

"Niandike nini?"

"Andika, mume wake mtarajiwa."

Kalamu ikasimama. "Ikishawekwa kwenye jalada, inakaa maktaba milele. Hakuna kufuta."

"Ndiyo maana nataka iandikwe, Daktari."

Safari hii Mtafiti hakujibu "bado." Aliinama, akaandika.