Mpira Uliofutwa Maandishi

Kila siku akitoka shule, Kijiti alipitia gereji ya mama yake. Alivua sare, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguuni mara tatu, kisha akauliza, "Fundi, leo tunakula grisi gani?" Utani ule ulikuwa umeshachacha, lakini Mama alicheka kila mara.

Siku hiyo hakucheka. Alikuwa amelala chali chini ya lori la Mjomba, kaka yake. Bomba la chuma la kupeleka dizeli kutoka tangini hadi kwenye pampu lilikuwa limeliwa na kutu, na Mjomba alitakiwa kuvusha saruji ng'ambo ya mlima kabla ya jioni.

"Dada, weka mpira kote tumalize," Mjomba alihimiza.

"Kote? Yale mabomba ya juu, yanayopeleka dizeli kwenye nozeli za injini, yana presha, yataupasua mpira. Hili la chini tu ndilo linafaa. Kijiti! Nikatie mpira wa dizeli, mita mbili."

Stooni ilikuwepo mipira miwili myeusi, imeviringishwa na kutundikwa ukutani, unene mmoja. Wa dizeli ulikuwa na maandishi ya njano, wa maji meupe. Kijiti aliona uvivu kutafuta tepu ya kupimia. Akapima kwa hatua, akakata. Alipopima vizuri, alikuta mita moja na nusu. Kilichobaki ukutani kilikuwa kifupi zaidi.

Juzi tu Mama alimsifu mbele ya madereva kwamba mkono wake haukosei. Aibu ilimshika. "Mpira ni mpira," alijiambia. Akakata mita mbili za mpira wa maji, akafuta maandishi kwa kitambaa chenye petroli, na vile vipande viwili vya mpira wa dizeli akavificha nyuma ya matairi.

Mama aliupokea bila kuutazama, akaufunga, akakaza klipu za kubana ncha zake. Injini ikawaka. Mjomba akampungia Kijiti mkono, akaondoka.

Kijiti akaanza kuosha vifaa. Ndani ya beseni la dizeli alikuta kipande cha mpira wa maji kilichotumbukia tangu asubuhi. Alikibonyeza. Kilikuwa kimevimba na kulegea kama mkate uliolowa chai. Akakimbia nacho hadi kwa Mama.

"Mama," alisema huku analia, "mpira niliokupa ni wa maji. Nilikata vibaya ule wa dizeli, nikaogopa kukwambia."

Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimpigia Mjomba simu mara tatu, lakini Mjomba hapokei simu akiwa kwenye usukani. Akampigia karani wa mizani, pale malori yanapopimwa kabla ya kupanda mlima.

"Karani, lori la saruji la kaka yangu limefika?"

"Ndiyo kwanza linashuka kwenye mizani, Fundi."

"Lizuie! Mwambie azime injini!"

Zikasikika hatua za karani zikikimbia. Kijiti alishika ukingo wa meza akisubiri.

"Amesimama," karani alisema hatimaye.

Kijiti alivitoa vile vipande nyuma ya matairi, wakapanda pikipiki. Walipofika, dizeli ilikuwa inadondoka penye klipu, karibu kabisa na bomba la moshi lililokuwa bado la moto. Mjomba alikuwa amechuchumaa anaitazama.

"Ingekuwa katikati ya mlima," alisema polepole, "na saruji yote ile mgongoni."

Mama alichukua vile vipande viwili vya mpira wa dizeli, akaviunga kwa kijibomba cha chuma, akakaza klipu. Vilitosha, na vikazidi.

"Kumbe vingeungika?" Kijiti aliuliza.

"Tangu saa ile ile, ungeniambia."

"Mjomba, nisamehe."

"Nimekusamehe, mjomba," alijibu, lakini hakuacha kuitazama ile dizeli iliyomwagika chini.

Mama alipangusa vidole. "Na mimi nimekosa. Nimefunga mpira bila kuukagua kwa sababu umetoka mkononi mwako. Kuanzia leo nitakagua kila unachonipa."

Maneno hayo yalimuuma Kijiti kuliko fimbo.

"Sikiliza, mwanangu. Kukata vibaya ni kosa la mkono, hata mimi hukata vibaya. Kufuta maandishi ni kosa la moyo. Mpira ukiharibika, tunakwenda dukani, tunapimiwa mwingine. Mjomba wako tungekwenda kupimiwa duka gani?"