Usinipigie Goti Hapo

Walikutana duka la vifaa, watu wamebanana kaunta, wao wawili wameshika mpini wa ufagio uleule wa mwisho. Mwanamke ni fundi wa nyasi klabu ya gofu, buti zimejaa udongo. Mwenzake kinyozi, shati limenyooka, ananukia hadi mlangoni.

"Dada, mimi nafagia nywele za watu."

"Na mimi nafagia mchanga. Achia, kaka."

Akaachia, ila namba ya simu akaiomba. Wakapendana, wacha!

Ikaja wiki ya kutoboa nyasi. Kila mwaka kabla ya mvua, zile nyasi fupi penye bendera hutobolewa vitundu, humwagiwa mchanga, kisha hufagiliwa mpaka mchanga uzame. Mvua ikiwahi, ni tope tupu, na msimu umeharibika.

Mawingu yalishafunga, fundi anafagia kwa nguvu zote, mara kinyozi huyo! Suti ya kijivu, viatu vinameta. Akakanyaga mchanga hadi katikati, akapiga goti, kikasha kidogo mkononi.

"Mpenzi wangu, naomba..."

"Toka! Toka hapo haraka! Nani kakuita?"

Kinyozi akainuka, uso umemshuka. "Basi, nimeelewa."

Alipokaribia geti ndipo fundi akakumbuka kile kikasha mkononi mwake. Pete! Maskini, kumbe alikuja kumposa! Alitaka kumkimbilia, tone la kwanza likamwangukia puani. Akafagia huku analia na kujitukana, wala hakuuweka ufagio chini mpaka mchanga wote ulipozama. Akapiga simu.

"Si umenifukuza?" Ikakatwa.

Akapiga tena. Imezimwa.

"Hanijui huyu," akasema, akatoka na mvua yake.

Kwa kinyozi palijaa watu. Mzee mmoja alikuwa kitini, kichwa nusu kimenyolewa. Fundi akasimama mlangoni anachuruzika maji.

"Nimekufukuza mchangani, sijakufukuza moyoni. Ungepiga goti pembeni kidogo tu, ningekubali hata hujafungua mdomo."

Kinyozi akaendelea kunyoa, mashine inanguruma.

"Nakupenda, bwana we! Hapa ni saruji, haiharibiki. Piga goti."

"Na kichwa changu je?" mzee akauliza.

"Vumilia, baba. Nywele zako haziendi popote."

Watu wakacheka. Kinyozi akazima mashine, akajifuta mikono, akapiga goti juu ya nywele za wateja, mchanga bado umemganda gotini. Akavuta pumzi aseme.

"Ndiyo," fundi akamuwahi.