Octave Apata Kazi ya Mbabula

Kila Jumapili, baada ya misa, Adrienne alitoka mtaa wa Kikula na bukari, ugali wa mahindi, iliyofungwa kwa kitambaa. Alikwenda kumwona mdogo wake, Octave. Octave alikuwa na miaka ishirini na sita. Tangu utoto alielewa mambo polepole. Maneno mengi kwa mara moja yalimchanganya.

Siku moja sokoni watu walimzunguka, wakamcheka. Aliogopa, akatupa jiwe. Jiwe likampasua kichwa mwuza mkate. Hakimu akaamuru akae hospitali ya wagonjwa wa akili, katika nyumba yenye geti la kufuli. Alikaa humo miaka mitatu bila kazi yoyote, akitazama ukuta.

Jumapili moja Octave alikuja mbio.

"Yaya! Dada yangu! Minye niko na kazi! Natoboa!"

Adrienne alimgeukia Joachim, mwuguzi. "Anatoboa nini, munganga?"

"Mbabula, mama. Tunatengeneza majiko ya makaa kwa bati ya mapipa."

"Weye unamupatia nyundo? Octave?"

"Kuja uone."

Katika karakana kila chombo kilining'inia ukutani, na umbo lake limechorwa nyuma yake.

"Kama chombo kimoja kinakosa, hakuna muntu anatoka," alisema Joachim. "Na minye niko hapa saa yote."

Kando palikuwa na picha nne kubwa: kukata, kutoboa, kukunja, kufunga miguu.

"Hatumwambie yote mara moja," Joachim aliendelea. " Kwanza minye nafanya, yeye anaangalia. Kisha tunafanya pamoja. Kisha anafanya peke yake. Wiki mbili atatoboa tu. Akikosea, tunarudilia, bila kelele."

Adrienne alizitazama zile picha. "Ku nyumba minye nilikuwa namufanyia yote. Hata vifungo vya shati."

"Unamupenda. Sasa umungojee, afanye mwenyewe."

"Na akikasirika?"

"Tunamufundisha. Anarudisha chombo, anakaa ku mulango, anasema amekasirika."

Miezi mitano ikapita. Kwa ruhusa ya hakimu, daktari alikuja kuamua kama Octave anaweza kufanya kazi nje, asubuhi tu, na kurudi hospitali mchana. Adrienne aliketi pembeni. Octave alikata, akatoboa, akakunja bati. Mara mgonjwa mmoja akapiga kelele dirishani: "Octave mujinga! Octave mujinga!"

Nyundo ilisimama hewani. Adrienne alitaka kumkimbilia. Joachim akamwashiria angoje.

Octave alitembea hadi ukutani. Akaitundika nyundo juu ya umbo lake. Akaketi mlangoni.

"Nimekasirika," alisema. "Napumuzika."

Baada ya muda aliinuka, akachukua nyundo, akafunga mguu wa mwisho. Jiko likasimama sawasawa. Daktari alilisukuma kwa kidole, halikuyumba.

"Jumatatu ataanza," alisema daktari.

Adrienne alipiga kigelegele hadi walinzi wakaja kutazama.

Jumatatu, Joachim alimpeleka Octave kwa Germain, fundi wa mbabula huko Kikula. Germain alikuwa amekwisha kubandika picha nne ukutani, na wafanyakazi wake walikuwa wameambiwa: hapa hachekwi mtu. Juma la tatu mama mmoja alisimama mbele ya majiko.

"Hii ya matundu mazuri, ni nani alitengeneza?"

"Ni minye," alisema Octave.

"Nataka ingine kama hii. Leo!"

Octave alitazama picha zake, moja moja. Akatikisa kichwa.

"Leo hapana, mama. Rudia kesho kutwa. Hii kazi haitake haraka."